Nyumba ya Bondeni Huuzwa Kiangazi

Ukizunguka mitaa ya Dar es Salaam hukosi kuukuta ukuta ulioandikwa kwa rangi, tena kwa mwandiko wa haraka haraka: NYUMBA HII HAIUZWI. Mwenye hasira zaidi huongeza chini yake: OGOPA MATAPELI. Mgeni anaweza kushangaa. Iweje mtu atangaze kitu asichouza? Mbona hatuandiki kwenye mashati yetu kwamba hayauzwi? Lakini mwenyeji anaelewa mara moja. Kuna mjanja alikwisha kupita hapo na mnunuzi, akamwonyesha nyumba kwa mbali, akapokea kishika uchumba, na mwenye nyumba yuko uani anakoroga uji wala hana habari. Au ndugu mmoja alitaka kuuza peke yake urithi wa ndugu sita. Ukuta umesemeshwa kwa sababu karatasi zilitumika kudanganya.

Mimi kila nikiyasoma maandishi hayo hujiuliza swali la upande wa pili. Nyumba isiyouzwa tumeiandikia. Je, ile inayouzwa? Nani ameandika ukutani: NYUMBA HII INAUZWA, LAKINI MASIKA MAJI HUINGIA NDANI? Ukuta huo sijauona, na naamini wewe pia hujauona.

Basi nataka tujadili, wewe na mimi, jambo ambalo wengi wanawaachia madalali na mawakili: zile karatasi na maelezo ambayo muuzaji wa nyumba humwandalia mnunuzi ili ajue anachonunua. Usigeuze ukurasa ukidhani hayo ni mambo ya wenye nyumba, na sisi wengine ni wapangaji wa chumba kimoja tusio hata na tofali. Fikiri kidogo. Mzee akitaka kuuza nyumba, nani huitwa aandike? Huitwa yule kijana wa nyumbani aliyesoma. "Wewe si ndiye mwandishi hapa? Hebu kaa, andika." Kalamu ile ile unayoandikia mashairi na hadithi ndiyo itakayoandika habari za nyumba. Na huenda katika maandishi yako yote, hilo ndilo litakalobadili maisha ya mtu kweli kweli.

Tuseme, basi. Kuna mzee mwenye nyumba ya vyumba vitano bondeni, karibu na mto. Aliijenga kidogo kidogo, mwaka huu msingi, mwaka ujao kuta, mwaka wa tatu bati. Sasa mkewe anatakiwa kufanyiwa upasuaji na mshiko haupo. Bahati nzuri amepatikana mnunuzi, mwalimu mstaafu aliyepata mafao yake juzi, anatafuta pa kuweka ubavu baada ya kuhamahama nyumba za kupanga miaka thelathini. Mwezi ni Februari. Jua linachoma, udongo wa bondeni umepasuka kwa ukavu, na mto wenyewe mtoto anauruka.

Kijana wa nyumba amekaa mezani, amepanga kila kitu sawasawa. Leseni ya makazi ipo. Risiti za kodi ya ardhi zipo. Barua ya serikali ya mtaa ipo. Majina ya majirani wa pande zote nne na mipaka yao yameandikwa. Bili ya maji imelipwa. Saini ya mama ipo, maana Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 haimruhusu mume kuuza nyumba ya familia bila ridhaa ya mkewe, wala mke bila ridhaa ya mumewe. Kila kitu bomba. Anafika mwisho wa ukurasa, anainua kichwa.

"Baba, na habari ya maji niiandike wapi?"

"Maji gani?"

Wote wawili wanajua maji gani. Ni yale yanayoingia kila masika, wakapandisha magodoro juu ya meza. Ni yale ya Desemba 2011, mvua zilipofurika Bonde la Msimbazi na sehemu nyingine za jiji, zikaua watu, na waathirika wengi wakahamishiwa Mabwepande. Mwaka huo katika nyumba yao maji yalifika usawa wa dirisha. Alama yake ilibaki ukutani miaka yote, mstari wa kahawia kama mkanda. Wiki iliyopita umepakwa chokaa.

"Mwanangu," anasema mzee kwa upole, "mnunuzi ana macho yake. Akiuliza, tutamjibu. Asipouliza, sisi tusimtafutie sababu. Mama yako hali yake si unaiona?"

Kesi yenyewe ndiyo hiyo. Angalia kwamba humu ndani hakuna tapeli. Nyumba ni ya mzee kweli, karatasi ni halali, hakuna saini ya kughushi. Kuna baba mwenye shida ya kweli na mwana mwenye kalamu. Ugumu wake uko hapo hapo, maana tapeli hatuhitaji falsafa ya kumjadili, polisi wanatosha. Mtu mwema anayetaka kunyamaza ndiye anayehitaji kujadiliwa.

Tuanze na hoja ya macho. Ina heshima yake. Sheria za Kiingereza, ambazo nchi zetu zilirithi sehemu kubwa, kwa karne nyingi zilishikilia msemo wa Kilatini wenye maana kwamba mnunuzi ajihadhari. Mnunuzi ni mtu mzima. Apande darini, agonge kuta, afungue bomba, aulize majirani, na kama nyumba ina hati, aende kwa msajili afanye upekuzi ajue kama kuna rehani au zuio. Akinunua mbuzi kwenye gunia, alaumu gunia?

Sawa. Lakini hebu niambie, macho yanaona nini mwezi wa Februari? Embe unaweza kuliminya sokoni ukajua limeoza. Nyumba haiminywi. Mnunuzi anaizunguka nusu saa, tena na dalali anayeongea bila kituo, kisha anatoa akiba ya maisha yake yote. Habari za kweli za nyumba haziko kwenye kuta. Ziko kwa yule aliyelala humo usiku wa mvua kubwa, aliyesikia paa linalia upande gani, anayejua choo kinajaa mwezi gani na jirani yupi hudai kwamba mpaka umesogezwa. Habari hizo mwenye nyumba amezilipia kwa miaka, na mnunuzi hana duka la kuzinunua isipokuwa kwake yeye. Kumwambia mtu atumie macho huku wewe umepaka chokaa mahali pa kutazama ni kumfunga kitambaa kisha kumlaumu kwa kujikwaa.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Muuzaji wa namna hii ameupata msemo akaugeuza. Anaziba ufa kwa chokaa, ili ukuta aje ajenge mwingine.

Hoja ya pili ni nzito zaidi: kunyamaza si kusema uongo. Kijana akikaa kimya, ametamka neno gani la uongo? Hakuna. Hoja hii si ya Manzese wala ya Kariakoo. Ni ya kale kabisa. Mwaka 44 kabla ya Kristo, Mroma Cicero alimwandikia mwanawe, aliyekuwa masomoni Athens, kitabu kizima juu ya wajibu wa mtu. Katika sehemu ya tatu anauliza swali ambalo ungedhani alikuwa amekaa na mzee wetu kibarazani. Mtu anauza nyumba. Watu wanaidhani ni nzuri kiafya, kumbe ina maradhi. Nyoka wanaonekana katika vyumba vya kulala. Mbao zake ni mbovu, inataka kuanguka. Hayo anayajua mwenyewe tu. Je, akiuza bila kusema, amedhulumu?

Cicero anawakutanisha wanafalsafa wawili, Diogenes wa Babeli na mwanafunzi wake Antipater. Kwa Diogenes, muuzaji hakumlazimisha mtu. Kutosema ni jambo moja na kuficha ni jambo jingine. Na mnada gani umewahi kusikia mnadi anapiga kelele kwamba anauza nyumba ya maradhi? Antipater anakataa. Anasema hilo ni baya kuliko kumnyima aliyepotea njia maelekezo, maana huyu unamwachia apotee makusudi, nawe unapokea fedha yake.

Cicero anaamua upande wa mwanafunzi, na uamuzi wake una ncha kali. Anakubali kwamba si kila kimya ni kuficha. Kuficha ni pale unapotaka, kwa faida yako, mtu asijue jambo unalolijua na ambalo yeye lingemfaa kulijua. Yaani Cicero hapimi kwa mdomo uliofungwa. Anapima kwa kile unachokitaka mdomo ukiwa umefungwa.

Anatoa na mfano uliotokea kweli. Bwana mmoja wa Roma, Claudius Centumalus, alikuwa na nyumba kwenye kilima cha Caelius. Waaguzi wa serikali, waliokuwa wakitazama ndege angani kutafuta dalili, waliona nyumba inawazibia, wakamwamuru abomoe sehemu za juu. Yeye akaitangaza kuuzwa. Mwingine akanunua, na amri ile ile ikamkuta. Akabomoa. Baadaye akagundua kwamba muuzaji aliiuza akiwa ameshaambiwa abomoe. Wakafikishana mbele ya mwamuzi, Marcus Cato, akaamua: muuzaji alijua, hakusema, basi hasara ni yake ailipe.

Ukisoma habari hiyo ukiwa Dar es Salaam, huna haja ya kufikiria ndege wa Roma. Mwaka 2017 nyumba nyingi kandokando ya Barabara ya Morogoro, kuanzia Kimara, zilibomolewa kupisha upanuzi wa barabara. Alama ya X nyekundu ukutani sote tunaifahamu. Ni kifupi cha amri ndefu. Sasa chukulia mtu aliyewekewa X jioni, usiku akaipaka rangi, asubuhi akamwita dalali. Hata mzee wetu wa bondeni angemwita huyo mwizi. Lakini tofauti yao ni ipi? Mmoja amefunika X ya serikali, mwingine amefunika X ya mto. Mto nao uliweka alama yake Desemba 2011, tena uliiweka ndani ya nyumba.

Na wala tusiseme hayo ni maadili ya Ulaya. Waislamu wa pwani yetu wanaijua habari ya Mtume kupita sokoni, akatia mkono ndani ya lundo la nafaka, vidole vikatoka na unyevu. Mwenye mali akajitetea kwamba ilinyeshewa na mvua. Akaulizwa kwa nini hakuiweka ile iliyolowa juu, watu waione. Mvua haikuwa kosa lake. Kuiweka chini ndiyo kosa. Nyumba yetu nayo imenyeshewa, na chokaa ndilo tabaka kavu la juu.

Basi je, muuzaji aseme kila kitu? Aandike kwamba jirani anakoroma, kwamba mwaka 1998 paka alifia darini? La hasha. Lazima pawe na mpaka, na wenzetu waliojaribu kuuchora wametuachia mafunzo. Huko Uingereza muuzaji hujaza fomu ndefu ya maswali. Je, nyumba imewahi kufurika? Kuna ugomvi wa mpaka? Umewahi kupata barua ya malalamiko ya jirani? Kilichonivutia ni kwamba kwa baadhi ya maswali, kando ya ndiyo na hapana, kuna nafasi ya kujibu kwamba jambo halijulikani. Muuzaji halazimishwi kuwa nabii. Anatakiwa aeleze anachokijua, na mahali ujuzi wake unapoishia aseme umeishia hapo. "Sijui" ya kweli ni jibu la mtu mwaminifu. "Sijui" ya mtu aliyepandisha godoro juu ya meza ni uongo kama uongo mwingine.

Wenyewe hao walijaribu pia kulazimisha mafurushi ya karatasi. Kuanzia Agosti 2007, England na Wales, muuzaji alitakiwa kuandaa furushi la habari za nyumba kabla ya kuiweka sokoni. Wakosoaji wakasema linaongeza gharama na halimsaidii mnunuzi kiasi hicho, na Mei 2010 serikali ikalisimamisha. Scotland walianza utaratibu wao Desemba 2008, wenye ripoti ya mkaguzi na maswali ya kujibiwa na muuzaji, na wao wakaendelea nao. Kwa hiyo unene wa furushi hauthibitishi kitu. Kijana wetu ana furushi nene mezani: leseni, risiti, barua, saini. Karatasi zote ni za kweli, na zote kwa pamoja zinamdanganya mwalimu, kwa sababu zinampa imani kwamba ameambiwa yote.

Tena kuna kesi ya kuchekesha ambayo mimi naipenda sana. Mwaka 1991 mahakama ya rufani huko New York ilimsikiliza mtu aliyetaka kuvunja ununuzi wa nyumba katika mji wa Nyack kwa sababu nyumba ilisemekana ina mizuka. Usicheke kwanza. Muuzaji mwenyewe ndiye aliyekuwa ameieneza habari hiyo, mpaka kwenye jarida la Reader's Digest. Mji mzima unajua, ila mnunuzi, aliyetoka jiji la New York, hajui. Mahakama ikasema mwenye nyumba aliyeutangazia umma kwamba nyumba ina mizuka hawezi kugeuka na kukana. Basi kwa mujibu wa sheria nyumba hiyo ina mizuka! Mnunuzi akaruhusiwa kujitoa. Mahakimu hawakwenda kuwinda majini. Waliona kwamba kuna jambo linaloathiri thamani, muuzaji analijua, na mnunuzi hata angekagua vipi asingeliona, maana mizuka haionekani kwa kugonga ukuta. Kwa upande mwingine, California, ambako fomu ya kueleza kasoro za nyumba imekuwa wajibu tangu 1987, sheria haimtaki muuzaji ataje kwamba mtu alifia ndani ikiwa imepita zaidi ya miaka 3. Ila akiulizwa waziwazi, haruhusiwi kudanganya. Kila jamii inachora mpaka mahali pake.

Mimi ningeuchora kwa kipimo kimoja ambacho hakihitaji wakili. Ukiwa umekaa na mnunuzi, sikiliza moyo wako. Kuna swali unaloomba asiliulize? Basi hilo hilo ndilo la kuandika. Habari ya paka wa mwaka 1998 huna wasiwasi nayo, aulize asiulize. Lakini anapokaribia kusema neno "masika" na wewe ukaharakisha kumkaribisha chai, tayari umejihukumu. Umeshajua kwamba jibu lina bei.

Hapa niseme neno na waandishi wenzangu, kwa sababu tangazo la nyumba nalo ni fasihi, tena fasihi yenye wasomaji wengi kuliko sisi. Dalali ana mtindo wake. "Dakika tano kutoka lami" ni dakika tano za mtu mwenye pikipiki. "Mazingira tulivu" maana yake usiku hupati usafiri. "Haina usumbufu" maana yake kesi haijafika mahakamani. Na lile la "maji yapo" kwa nyumba yetu ya bondeni ni kweli tupu, tena ya kutosha! Hakuna neno la uongo humo. Dalali ana cha juu chake anachokitafuta, anachagua maneno yanayong'aa na kuacha yanayonuka. Sisi nasi tunajua kazi hiyo ya kuchagua. Mwandishi hupimwa kwa alichokiandika, lakini hupimwa pia kwa alichokiruka. Ukweli mmoja mmoja ukipangwa kwa hila huzaa uongo uliokamilika.

Sasa tuje kwenye hoja ya tatu, ambayo Diogenes hakuigusa: shida. Mfa maji haishi kutapatapa. Ni rahisi kwa mtu aliyeshiba kumhubiria mzee ambaye mkewe yuko kitandani. Tena mzee anaweza kuuliza, na kwa haki: mimi mwenyewe nilipouziwa kiwanja hiki, nani aliniambia habari ya mto? Kila mwenye kiwanja bondeni alikipata kwa mtu aliyenyamaza. Kwa nini ukweli uanzie kwangu, siku ambayo mimi ndiye mwenye shida?

Sitajibu kwamba ukweli unalipa. Sokoni mara nyingi haulipi. Mzee akisema habari ya maji, bei itashuka, au mwalimu ataondoka, na mama anasubiri. Hiyo ni hasara halisi, na anayesema si hasara hajawahi kuuza kitu kwa dhiki.

Lakini tazama vizuri hasara hiyo ni ya nini. Nyumba inayoingia maji nayo ina bei. Kuna mtu ataitaka ainue msingi, mwingine atataka kiwanja tu afyatulie matofali kiangazi. Bei hiyo ni haki ya mzee, hakuna wa kumnyang'anya. Kinachobishaniwa ni tofauti kati ya bei hiyo na bei ya nyumba kavu. Tofauti hiyo ni ya nani? Mzee hana nyumba kavu, basi hawezi kudai bei yake. Fedha hiyo imetoka kwenye mafao ya mwalimu. Kwa maneno mengine, mwalimu amelipia upasuaji wa mama bila kujua. Labda wangemwomba angechangia. Sisi watu wa mjini pamoja na ukali wetu tunachangiana misiba, harusi na matibabu hata ya tusiowajua. Lakini mchango huombwa. Hawa hawakumwomba.

Ndipo ninaporudi kwenye neno la mzee: mama yako hali yake si unaiona? Kwangu mimi maadili yote ya jambo hili yamo ndani ya neno hilo. Ni kweli, mama tunamwona. Tunasikia anavyougua usiku. Mke wa mwalimu hatumwoni. Wajukuu zake watakaoletwa likizo ya Aprili, wakalazwa chini kwenye mkeka katika chumba cha mwisho kando ya mto, hatuwaoni. Wa kumwonea huruma aliye mbele ya macho yako ni karibu kila mtu. Hata nyani humwonea huruma mwanawe. Kazi ni kumjali mtu ambaye hayumo chumbani wakati uamuzi unafanywa.

Na kuandika je, ni nini kama si hicho? Tunamwandikia msomaji tusiyemwona. Hawezi kutukatiza atuulize, "Hapo ulimaanisha nini?" Ametuamini akafungua ukurasa. Mwalimu naye atazichukua karatasi za kijana huyu, atavaa miwani, atazisoma mstari kwa mstari kwa umakini ambao hadithi zetu hazijawahi kuupata. Ikiwa kwa msomaji huyo, mwenye kila alichonacho mikononi, tutaandika kwa kuzuga, sioni tutakuwa tunamwandikia nani kwa uaminifu.

Najua kijana hawezi kumpigia baba yake kelele, wala kumvua nguo mbele ya mgeni. Adabu nayo ni sehemu ya ukweli. Lakini kati ya kelele na kimya kuna nafasi. Anaweza kuiandika sentensi ya maji, akamsomea baba peke yake, kwa sauti, kabla mgeni hajafika. "Baba, mimi nimeandika hivi. Ukitaka ifutwe, kalamu hii hapa, futa wewe." Mzee anaweza kuifuta. Ni nyumba yake. Lakini hataweza tena kuuliza maji gani. Uzito wa kuandika uko hapo. Jambo ambalo kichwani lilikuwa ukungu, kwenye karatasi limekuwa na umbo, na mtu hana budi kuliacha au kuliua kwa mkono wake mwenyewe.

Na sentensi yenyewe isiwe ya kujitia huzuni, wala ya kumtisha mnunuzi. Iwe tupu kama risiti. Kwa mfano: "Wakati wa masika maji huingia ndani, kwa kawaida chini ya goti. Desemba 2011 yalifika dirishani. Chumba cha mbele hakijaingia maji tena tangu sakafu yake ilipoinuliwa. Miaka ijayo itakuwaje, hatujui."

Sentensi nne, bila kivumishi cha kupamba. Ukiweza kuziandika hizo huku mama anaugua chumba cha pili na baba amekukazia macho, basi kuandika unakujua. Kilichobaki ni cha mwalimu. Atauliza bei mpya, au atakunja karatasi ashukuru aende zake. Lolote kati ya hayo atalichagua akijua, naye ana haki hiyo, maana mafao ni yake.